Kashata za Kutesea Mjini Zilivyoniumbua Mbugani

Saa sita na nusu usiku. Mvua ya Machi inamwagika kama vile kuna mtu amesahau kufunga bomba kule juu. Gari langu, Hilux Surf niliyoisotea miaka mitatu, limelalia tumbo katikati ya matope meusi huko Meatu, mkoani Simiyu. Kiti cha nyuma yuko binamu yangu, katikati ya mama yake na mchumba wangu, anauma kanga. Uchungu wa kuzaa umembana. Na chini, tairi zangu nne za kutisha, zile zenye kashata kubwa kama tofali za kuchoma, zinazunguka kama feni. Gari haliendi hata inchi moja.

Mpenzi msomaji, kama na wewe ni mmoja wa vijana wanaoamini kwamba gari la fowili bila tairi za kutisha ni sawa na simba kibogoyo, vuta kiti ukae. Haya yalinikuta mimi mwenyewe mwaka 2023, na sioni haya kuyasema, maana haya zote ziliniishia kule kule matopeni.

MANENO YA KIJIWENI

Yote yaliletwa na maneno ya kijiweni. Nilikuwa na safari ya kwenda Meatu kumtambulisha mchumba kwa mjomba wangu, ndugu pekee wa mama aliyebaki. Nikairopoka safari hiyo mbele ya washikaji pale Sinza, Dar es Salaam. Basi kila mtu akageuka mtaalamu.

"Mwanangu, Simiyu hiyo! Kule mvua ikinyesha hata mbuni anateleza," alisema mmoja. "Hizo tairi zako ni za kwendea harusini. Weka M/T, kashata kubwa, utese."

Kwa wasiojua, herufi hizo zimeandikwa ubavuni mwa tairi nyingi za magari ya fowili. H/T ni tairi ya barabara kuu, yaani lami. A/T ni ya njia zote, lami na vumbi. M/T ni ya matope, ile yenye kashata nene zilizoachana, ukiitazama unaona kama inakukasirikia.

Mimi nilikuwa na A/T za saizi 265/70R16, zilizokuja na gari, na kashata zake bado zilikuwa nzuri tu. Lakini nani anataka nzuri tu? Nilitaka watu wageuze shingo. Nikaenda duka moja (jina naliacha, maana kosa kubwa lilikuwa la macho yangu), nikaonyeshwa tairi nne za 285/75R16, M/T, nyeusi tii, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Meno yameshuka ubavuni mpaka karibu na rimu.

"Hizi kaka, hata mtoni unapita," akaniambia muuzaji.

Sikuuliza zimetengenezwa lini. Sikuuliza kama zitaenea chini ya fenda. Niliuliza kitu kimoja tu: "Nikilipa leo unanipunguzia?"

Nikatoka pale natesa. Siku mbili nzima nilizunguka mjini bila sababu ya maana. Kwenye foleni ya Ubungo watu waligeuka kweli. Mchumba wangu naye aligeuka, lakini yeye alinigeukia mimi.

"Hivi huu ni mlio wa gari au mashine ya kukoboa mahindi?"

Nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya kazi.

LAMI INAPOKUSUTA

Kutoka Dar hadi Bariadi ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Na jambo ambalo hakuna mtaalamu wa kijiweni aliyenikumbusha ni hili: njia yote hiyo ni lami. Hata ukiiacha barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza pale Mwigumbi, lami inakupeleka Maswa mpaka Bariadi. Ukitaka kuendelea, unaunganisha kilomita zaidi ya 70 hadi Lamadi, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, jirani na geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Zamani njia hizo zilikuwa za vumbi na tope. Zilipopata lami, ushauri wa kijiweni haukupata habari.

Kwa hiyo mimi nilibeba meno ya matope kilomita elfu moja za lami. Adhabu ya kwanza ilikuwa kelele. Kufika Dodoma masikio yalikuwa yanavuma hata gari likiwa limezimwa. Adhabu ya pili ilikuwa mafuta: tairi nzito zenye kashata nene zinaipa injini mzigo wa kuzizungusha, na kila kituo nilichojaza niliuona mzigo huo mfukoni.

Adhabu ya tatu ni ya hesabu, na wengi hawaijui. Tairi ya 265/70R16 ina kimo cha milimita kama 777. Ile ya 285/75R16 ina kama 834. Maana yake kila tairi ikizunguka mara moja, gari linakwenda mbele zaidi kwa karibu asilimia 7 kuliko lilivyozoea, na mshale wa spidi haujui habari hiyo. Unaona 50 kwenye dashibodi, kumbe kwa hesabu ya tairi uko karibu na 54. Mahali fulani njiani askari mwenye tochi alinifundisha hesabu hiyo kwa shilingi 30,000. Sikuwa na la kubisha. Tochi haisomi dashibodi, inasoma gari.

Adhabu ya nne nusura iwe ya mwisho. Ilikuwa mteremko wa Sekenke, baada ya Singida. Mvua nyepesi ilikuwa imelowesha lami. Lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo, nami nikakanyaga breki. Gari likaendelea na mambo yake kana kwamba halijasikia. Nakwambia niliyasoma maandishi yote ya nyuma ya lori lile, mpaka yale madogo. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye bampa lake. Mchumba hakusema neno mpaka tulipofika Igunga.

Sababu ni rahisi ukishaambiwa. Kashata zilizoachana sana zinaacha mpira mchache unaogusa lami. Kwenye matope nafasi hizo ni faida, kwenye lami yenye maji ni hasara, kwa sababu breki inategemea mpira unaoshika barabara. Zaidi ya hapo, tairi zangu zilikuwa na siri nyingine, na siri hiyo niliambiwa Bariadi.

MZEE WA PANCHA

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Tuliingia mchana, nikasimama kwa fundi pancha mmoja ili akaze nati. Alikuwa mzee, amekaa juu ya rimu, ameshika spana kama fimbo ya uchifu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Mmetoka mbali?"

"Dar, mzee. Tunakwenda Meatu. Nasikia mkoa huu una Gambosi, nimekuja na tairi za kukimbilia wachawi."

Vijana waliokuwa pale wakacheka. Gambosi ni kijiji cha Bariadi ambacho sifa zake za uchawi zimevuma nchi nzima, na wenyeji wameshazoea wageni kuwatania. Mzee hakucheka. Aliinama ubavuni mwa tairi, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti tarakimu nne zilizo ndani ya kijiumbo kama yai: "3412."

"Unajua maana yake?"

Sikujua.

"Wiki ya 34, mwaka 2012. Kijana wangu, tairi hii ina umri wa mtoto wa darasa la tano. Umeuziwa mzee aliyepakwa piko."

Akabonyeza katikati ya kashata mbili. Chini ya ule weusi wa kung'aa kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino. Mpira, alinieleza, unazeeka hata kama tairi haijatembea. Unakauka, unakuwa mgumu, hauumi tena. Nikaikumbuka Sekenke, kijasho chembamba kikanitoka.

"Upepo umeweka ngapi?"

"40, mzee."

"Kwenye lami na mzigo, haya. Ukiingia mbugani na mvua, toa mpaka 25, hata 20 kama mambo ni mabaya. Ukirudi barabarani, jaza. Watu wengi wamezama huko wakasingizia Gambosi. Mchawi wa gari ni upepo."

Nikamshukuru, "Wabeja, baba," kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, nikalipa, nikaondoka. Upepo sikuugusa. Geji sikuwa nayo, pampu sikuwa nayo, na moyoni nilisema mzee huyu hajawahi kuona M/T za ukweli.

TREKTA LIMEPATA KAZI

Kwa mjomba tulifika jioni, kijiji kimoja upande wa Kisesa. "Mwadila!" Tukapokewa kwa ugali, maziwa ya mgando na kuku aliyekuwa anatembea dakika ishirini zilizopita. Mjomba alimpenda mchumba, hilo niliona mapema. Halafu akalizunguka gari mara mbili.

"Mpwa wangu, hili ni gari au trekta?"

Kichwa kikavimba kama andazi. Nikamwambia, mjomba, likitokea lolote usiku wewe niamshe tu.

Kweli akaniamsha. Saa tano na nusu mvua inapiga bati, mjomba yuko mlangoni na taa. Binti yake, binamu yangu, alikuwa na mimba ya miezi tisa na mumewe alikuwa Mwanza kikazi. Uchungu ulikuwa umeanza tangu magharibi, yeye akanyamaza akidhani utapoa. Sasa mama yake alikuwa anasema mtoto amekaa vibaya. Kituo cha afya kiko kilomita 14.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "trekta lako limepata kazi."

Mwanzo wa njia tulikuwa tunashuka kwenye mchanga uliolowana, gari likatulia, nikajiona dereva. Kisha kilima kikaisha, tukaingia bondeni, ardhi ikabadilika rangi kwenye mwanga wa taa. Nilikuwa nimeshaweka fowili. Kitako cha gari kikaanza kwenda kushoto, mimi nikaenda kulia, halafu wote wawili tukaenda mahali ambapo hakuna aliyepachagua. Nikakanyaga mafuta. Tairi zikachimba. Nikakanyaga tena. Gari likakaa chini kama ngamia.

Nikashuka na tochi. Nilichokiona sitakisahau. Zile kashata zilizogeuza shingo za watu Ubungo zote zimepotea. Kila tairi imekuwa donge moja la tope, laini, la mviringo, halina jino hata moja. Tope limejaa mpaka ndani ya fenda, na kwa kuwa tairi zenyewe zilikuwa kubwa kuliko nafasi, hakukuwa na pa kutokea. Nilikuwa na M/T nne zilizogeuka kipara.

Ndani ya gari binamu akalia kwa mara ya kwanza. Mjomba hakunilaumu. Alitembea hatua chache gizani, akaweka mikono mdomoni, akapiga mwano.

Kama hujakaa Usukumani, mwano ni ukelele wa kuita watu kwenye dharura, na ukipigwa hakuna anayeuliza saa ngapi. Haikupita nusu saa taa zikaanza kuonekana kutoka kila upande. Wakaja wanaume na majembe, wakaja na kamba, mmoja akakimbia kumwamsha mzee mwenye pikapu.

Pikapu yenyewe ilikuwa Land Cruiser kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Tairi zake zilikuwa 7.50R16, nyembamba, ndefu, za kawaida kabisa, zile ambazo pale Sinza tungezicheka. Kabla ya kuingia mbugani mzee yule alishuka, akaokota kijiti, akatoa upepo tairi zote nne, pssss, anahesabu kwa midomo. Akarudi ndani, akaweka gia ndogo, akaja. Hakuja kwa kasi. Alikuja mwendo mmoja, hapunguzi, haongezi, hasimami mpaka alipofika kwenye ukingo mgumu wa pembeni. Tulimbeba binamu mikononi kupitia matopeni. Mke wa mjomba akapanda, mchumba wangu akapanda akiwa peku na tochi mdomoni. Pikapu ikaondoka vile vile ilivyokuja.

Mimi nikabaki na trekta langu. Kulipokucha wakaleta jozi tatu za maksai, kamba ikafungwa kwenye ndoano ya chasisi, na Hilux Surf ya mjini ikatolewa matopeni na ng'ombe wa kulimia. Mtoto wa miaka kama kumi aliyekuwa anawaswaga akaniuliza kwa heshima kabisa, "Kaka, haya meno ya tairi ni ya kutafuna nini?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Kituoni nilifika saa tatu asubuhi. Binamu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, ingawa mwenyewe alikuwa amechoka hata kope hazifunguki. Muuguzi hakunigombeza. Aliyatazama matope yangu kuanzia kisogoni mpaka miguuni, akasema maneno machache tu: "Mngefika mapema kidogo asingeteseka hivi." Kasheshe zote nilizowahi kupata, hakuna iliyoniingia kama sentensi ile. Mtoto akaitwa Mbula, yaani mvua.

UDONGO UNA MAJINA

Siku mbili zilizofuata njia zilikuwa hazipitiki, nikakaa na mjomba akanifundisha nilichopaswa kujua kabla ya kwenda dukani. Wasukuma hawauiti udongo udongo tu. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga. Ukishuka unakutana na itogolo, ardhi iliyogandamana. Chini kabisa bondeni ndiko mbuga, udongo mweusi mzito. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, katika miaka ya 1930 aliueleza mpangilio wa namna hii wa Afrika Mashariki, udongo unaobadilika kutoka kileleni hadi bondeni, akaupa jina la katena, maana yake mnyororo. Leo neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote.

Sasa ona kazi iliyopo: ndani ya kilomita 14 unapita udongo wa namna tatu, na kila mmoja unataka tabia yake.

Mbuga ina mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Ndiyo maana kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, na masika unanata kama ulimbo. M/T imetengenezwa kwa ajili ya kitu kama hicho: tairi ikizunguka, tope lililo kwenye zile nafasi pana linarushwa nje, kashata safi inauma tena. Lakini ukiijaza upepo ikawa ngumu kama jiwe, haijikunji, tope halibanduki. Ukipunguza upepo, tairi inajitandaza, inagusa ardhi sehemu ndefu zaidi, na kule kujikunja kunasaidia kulibandua tope.

Na wembamba? Mvua ikiwa imenyesha saa chache, mara nyingi juu ndiko kumelainika, chini bado kugumu. Tairi ya 7.50, yaani kama milimita 190, inakata utelezi na kukanyaga sakafu. Yangu ya milimita 285 ilibaki juu inateleza, mpaka nilipoizungusha kwa hasira nikajichimbia kaburi. Ila mvua ikipiga siku kadhaa mfululizo, hakuna sakafu tena. Hapo dawa si tairi, dawa ni kubaki nyumbani au kuondoka mapema kabla hapajaharibika.

Kwenye mchanga mambo yanageuka. Kiangazi mito mingi ya huko inabaki mchanga mtupu, na dereva anayevuka anahitaji tairi iliyojitandaza, upepo kama 18 hivi, mguu mwepesi kwenye mafuta. Kashata kubwa ukiizungusha kwa fujo mchangani inachimba kama jembe.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Basi kijana mwenzangu, kabla hujatoa mshiko wako, fanya haya.

Kwanza, hesabu safari zako kumi za mwisho. Siyo za ndotoni, za kweli. Kama tisa ni za lami, H/T au A/T inakutosha. Kama ni mtu wa Bariadi mjini, unakwenda Lamadi, Maswa, mara moja moja kijijini, chukua A/T, wala usione haya. A/T si ushamba. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitoa All-Terrain yake mwaka 1976, na aina hiyo haijaachwa mpaka leo. M/T mwachie bwana shamba, mtu wa mradi au mfanyabiashara anayelala na kuamka mbugani masika yote. Huyo anazihitaji, na kelele atazivumilia.

Pili, soma ubavu wa tairi. Tafuta tarakimu nne za wiki na mwaka. Mng'aro usikudanganye, rangi inapakwa. Angalia pia uwezo wa kubeba mzigo: alama ya LT ni tairi ya kazi, na kwa Meatu yenye miiba ya migunga ubavu mgumu ni bora kuliko ubavu wenye sura nzuri.

Tatu, usipandishe saizi kwa sifa. Anza na iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Tairi ikigusa fenda kwenye kona kavu, kwenye matope itakukaba.

Nne, nunua nne zinazofanana, na ya tano ya spea. Wapo jamaa wanaoweka kubwa nyuma na ndogo mbele ili gari linyanyue kitako. Ukifunga fowili kwa namna hiyo, mbele na nyuma vinavutana, na anayeumia ni gia boksi na difu.

Tano, na hili ndilo nililipia kwa aibu: fedha uliyotaka kuongeza ili upate kashata kubwa zaidi, nunulia geji ya upepo, pampu, kamba imara na koleo. Tairi ya kawaida mikononi mwa mtu anayejua upepo itaipita tairi ya kutisha mikononi mwa mtu kama mimi. Nimeshuhudia kwa macho, usiku, nikiwa nimesimama matopeni mpaka magotini.

Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi mwingi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichosimama mwaka 2009, kilitoa tairi zisizo na mbwembwe, nao wakafika Meatu nazo. Walichokuwa nacho ni kujua njia.

Zile M/T nilizivua niliporudi Dar. Sikumuuzia mtu, maana kumuuzia mwenzako tairi ya darasa la tano ni dhambi. Moja imepandwa maua nyumbani, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyoifanya vizuri. Gari lina A/T mpya, 265/70R16, na kwenye droo ya dashibodi kuna geji. Mchumba sasa ni mke. Ananiambia alinikubali si kwa gari, ila kwa kuwa asubuhi ile niliingia kituoni nikaomba radhi kabla ya kuulizwa.

Juzi mjomba alipiga simu. Mvua zimeanza, Mbula anakimbia uani kutwa nzima, na safari hii wanataka tuje mapema kabla mbuga haijajaa.

"Mpwa wangu, bado unalo lile trekta?"

"Hapana mjomba. Sasa nina gari."